Murias: Elfu Kumi ya Wagiriki katika Maandiko

Neno kubwa kuliko yote ya hesabu katika Kigiriki cha Agano Jipya ni murias, ambalo maana yake ya msingi ni elfu kumi, na ambalo Wagiriki walilitumia kuhesabia mambo makubwa kama wasemaji wa Kiswahili wanavyotumia laki. Aliyetaka kuvuka kiwango hicho hakuwa na neno jingine, hivyo alilazimika kulizidisha neno lenyewe na kutaja murias za murias, yaani milioni mia moja. Na hapo ndipo alipoanzia Archimedes wa Syracuse, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipotunga majina ya tarakimu za kukadiria idadi ya chembe za mchanga ambazo zingeujaza ulimwengu.

Murias lina ndugu yake, kivumishi murioi, ambacho wanasarufi wanakigawa kwa mkazo: ukianguka kwenye silabi ya kwanza, maana ni elfu kumi kamili, na ukianguka kwenye ya pili, maana ni wengi wasiohesabika. Kanuni hiyo inapendeza darasani, lakini haimfikishi mbali msomaji wa Biblia, kwa sababu hati za kale zaidi za Agano Jipya ziliandikwa kwa herufi kubwa bila alama za mkazo, na walioziweka alama hizo baadaye walikuwa wameshaamua wenyewe neno lina maana gani.

Kinachosaidia zaidi ni kutazama kitu kinachohesabiwa. Panapotajwa fedha, neno hushika hesabu yake: katika Matendo ya Mitume 19, thamani ya vitabu vya uganga vilivyochomwa moto Efeso inatajwa kuwa murias tano za fedha, nazo ni vipande 50,000. Hata hivyo, mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, unaonyesha kwamba hesabu inaweza kuwa kamili na bado ikapita uwezo wa binadamu. Mtumwa yule anadaiwa talanta 10,000, na kwa kuwa talanta moja ilikuwa sawa na dinari zipatazo 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, deni linafikia ujira wa siku milioni 60. Mwanahistoria Yosefo, katika Mambo ya Kale ya Wayahudi, anaeleza kwamba mapato ya mtawala Arkelao kutoka Uyahudi, Samaria na Idumea yalikuwa talanta 600 kwa mwaka. Maana yake mtumwa mmoja anadaiwa mapato ya nchi nzima ya zaidi ya miaka 16, naye anaomba avumiliwe ili alipe yote! Msimulizi ameunganisha kipimo kikubwa cha fedha na neno kubwa la hesabu, kisha akaweka kando yake deni la dinari 100 la mtumwa mwenzake, ambalo ni dogo mara 600,000.

Panapohesabiwa maneno au watu, neno hulegea: Paulo, anapowaambia Wakorintho kwamba maneno matano yanayoeleweka ni bora kuliko elfu kumi katika lugha ngeni, hakusudii mtu akae kuhesabu, wala Luka hakusudii hivyo anaposimulia umati wa murias za watu waliokanyagana.

Mgogoro mkubwa zaidi uko katika Ufunuo 9:16, ambapo jeshi la wapanda farasi linatajwa kwa murias mbili za murias, na wafasiri wengi wa unabii wamekimbilia kupata askari milioni 200 na kutafuta taifa lenye uwezo wa kuwakusanya. Hesabu yao ni sahihi, lakini wamesahau kwamba kitabu hichohicho, katika sura ya 5, kinawataja malaika kwa murias za murias na elfu za elfu, kikifuata usemi wa Danieli 7:10, na hakuna anayedai kwamba idadi ya malaika imekwisha kujulikana. Zaidi ya hayo, Yohana, mwandishi wa kitabu hicho, hasemi kwamba aliwahesabu wapanda farasi hao. Anasema aliisikia hesabu yao.