Anwani, Namba na Unganisho: Istilahi za Mitandao ya Simu

Mtu wa Kimwani, wilayani Muleba, alipoombwa anwani katika miaka ya 1980, alitaja jina lake na S.L.P. ya shule, ya misheni au ya chama cha ushirika. Tangu kazi ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, neno hilohilo limeelekezwa kwenye barabara na namba ya nyumba. Maana zote mbili zina mahali ndani yake. Ndiyo sababu wafasiri husita wanapotakiwa kuiita namba ya simu "anwani", na kusita kwao si bure.

Tuanze na unganisho. Unganisho la kudumu hufungwa na fundi mara moja, nalo hubaki wazi, watu wazungumze wasizungumze. Unganisho la swichi hufanywa pale mtu anapopiga, na huvunjwa anapomaliza. Kwa hiyo kila mara mtandao hauna budi kuambiwa upya mpigiwa ni nani na njia ya kumfikia ni ipi. Maelezo hayo ndiyo anwani. (Baadhi ya rasimu huandika "muungano". Tunashauri neno hilo liachwe: mtumishi wa serikali akisoma "muungano wa kudumu", fikira zake zitavuka kwenda Zanzibar kabla hazijafika kwenye waya.)

Anwani hiyo ina miundo zaidi ya mmoja. Uliozoeleka ni wa namba ya simu, uliowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano katika pendekezo lake E.164: tarakimu zisizozidi 15, zikianza na nchi. Tanzania ni 255. Simu za mezani za Kagera hufuatia na 28, pamoja na Mwanza na Mara. Hapo mahali pangalipo. Namba ya simu ya mkononi haina mkoa wowote, lakini swichi humpata mwenyewe, awe Bukoba au Mtwara. Kwa hiyo namba ni aina mojawapo ya anwani, wala si kinyume chake.

Muundo wa pili una baiti 20, na ulikusudiwa hasa mitandao ya binafsi ya ATM (hatusemi mashine za fedha). Una aina tatu, na baiti ya kwanza ndiyo inayotambulisha aina. Ikiwa ni 39, kinachofuata ni nchi kwa hesabu ya ISO 3166, ambamo Tanzania si 255 bali ni 834.

Hapa ndipo tafsiri inapoweza kuleta hasara. Katika rasimu moja niliyoletewa, "namba ya nchi" ilitumika kwa zote mbili. Fundi ambaye angeifuata angeandika 255 mahali pa 834, na swichi isingempata mpigiwa. Tunapendekeza 255 iitwe "namba ya simu ya nchi", na 834 iitwe "msimbo wa nchi". Hati ya zabuni itaje muundo wa anwani waziwazi: wa E.164 kwa mtandao unaopokea simu za umma, wa baiti 20 kwa mtandao wa ndani wa taasisi.

Walimu wengine hupenda "mwitwa" badala ya "mpigiwa". Ni neno zuri, ila darasani huleta picha ya mtu aliyeitwa shaurini.