Chupa ya nikotini isikae karibu na maziwa

Wako wavutaji wa sigara za elektroniki ambao hujichanganyia wenyewe majimaji ya kuvuta ili kupunguza gharama. Hununua nikotini, gliserini, propilini glaikoli na vionjo, kisha huvichanganya nyumbani. Hamu yao kubwa ni kujua jinsi ya kuvihifadhi visiharibike. Hata hivyo, lililo muhimu zaidi ni kuvihifadhi visije vikaua.

Nikotini ina maadui watatu: hewa, mwanga na joto. Ikiwa safi haina rangi, au ina umanjano hafifu. Ikipigwa na hewa na mwanga hugeuka kuwa ya kahawia, na ladha yake huwa kali kooni. Ndiyo sababu wavutaji hushauriwa kuiweka katika chupa ya kioo cheusi, iliyojaa karibu na mdomo ili hewa ibaki kidogo, na iliyofungwa kabisa mahali penye baridi na giza. Gliserini nayo hunyonya unyevu, kwa hivyo kifuniko chake kisiachwe wazi. Aidha, vionjo vya ndimu na machungwa hula aina fulani za plastiki.

Ushauri huo ni sawa kwa nikotini. Lakini katika nyumba nyingi, mahali penye baridi na giza ni pamoja tu: friji ya chakula. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mchanganyiko wenye harufu ya embe au peremende hauna tofauti yoyote na sharubati machoni pa mtoto.

Kijiko kimoja tu

Nikotini ya kuchanganyia huweza kuwa na nguvu ya miligramu 100 kwa kila mililita. Katika Umoja wa Ulaya, sheria hairuhusu majimaji ya kuvuta yanayouzwa madukani kuzidi miligramu 20. Kijiko cha chai cha mililita 5 cha ile nikotini kali kina miligramu 500. Kiasi kidogo kuliko hicho chaweza kumwua mtoto mdogo. Mnamo Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York, Marekani, baada ya kumeza nikotini ya majimaji. Januari 2016, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kulazimisha chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo watoto hawawezi kuvifungua kwa urahisi.

Mtu anayehamishia nikotini katika chupa nyingine huiondoa kinga hiyo kwa mkono wake. Hapa Kenya tunalijua jambo hili kwa sura nyingine: mafuta taa katika chupa ya soda. Mtoto haoni mafuta, huona soda.

Kwa hivyo, nikotini ibaki katika chupa yake ya asili. Ukichanganya, andika juu ya chupa neno SUMU, kiasi cha nikotini na tarehe. Tia chupa zote ndani ya sanduku lenye kufuli, uliweke juu kabatini mbali na jiko, dirisha na chakula. Hasara ya ladha kuchakaa mapema ni ndogo. Vaa glavu unapochanganya, kwani nikotini hupenya ngozi. Tena, rangi ikigeuka usidhani sumu imekwisha. Chupa tupu isitumiwe tena kwa maji wala kuachwa jalalani watoto wakaiokota. Muulize mfamasia namna ya kutupa mabaki.

Ajali ikitokea

Dalili za mwanzo ni kutapika, kutokwa na mate na jasho, kupauka na moyo kwenda mbio. Baadaye mtoto hulegea, hupatwa na degedege na huweza kushindwa kupumua. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa kwa imani kwamba yatazima sumu. Kama imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Mkimbize hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, na uibebe ile chupa ili daktari ajue alichomeza na nguvu yake.

Ikiwa huna mahali pa kufunga kwa kufuli, usiweke nikotini ya kuchanganyia katika nyumba yenye watoto. Na lililo bora kuliko yote ni kumwona daktari akusaidie kuacha nikotini yenyewe.