Chungu Hakizai Joto

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ungali umeyafunika mashamba ya chai ya Limuru, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alinijia na vyungu viwili vya kupandia maua na mishumaa minne mifupi. Aliipanga mishumaa kati ya matofali mawili, akafudikiza chungu kidogo juu ya matofali, kisha kile kikubwa juu ya kidogo. "Mwalimu," akasema, "hiki ni kipasha joto. Twaomba ruhusa tukiweke bwenini."

Hakukibuni yeye. Mwaka wa 2022, bei ya gesi ilipopanda Ulaya kufuatia uvamizi wa Urusi nchini Ukraini, wengi huko walivijaribu vyungu kama hivyo ili kupunguza gharama za majira ya baridi.

Sikumkemea. Nilimwomba tupige hesabu. Mshumaa mmoja wa aina ile una nta gramu 15 hivi, na huwaka kwa takriban saa 4. Gramu moja ya nta hutoa yapata kilojuli 43. Jumla ni kilojuli 645. Tukizigawa kwa sekunde 14,400, twapata wati 45. Mishumaa minne basi ni wati 180. Mwanadamu aliyetulia hutoa wati 100 hivi. Kumbe mishumaa yote minne haiwafikii wanafunzi wawili waliokaa kimya!

Na chungu je? Chungu ni ghala, si shamba. Hupokea joto, kikalihifadhi na kulitoa polepole. Hakiongezi hata chembe.

Hasara yake lakini ni kubwa. Mishumaa ikisongamana chini ya chungu, nta yote huweza kuyeyuka na mvuke wake kushika moto. Anayekimbilia kuuzima kwa maji huulipua. Hebu yafikirie hayo kati ya vitanda na magodoro! Jiko la makaa nalo si badala: hewa yake ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, imewaua watu usingizini.

Hata hivyo, sisi walimu tusijivunie kukataza tu. Nilipomuuliza kisa cha kuhangaika hivyo, kijana alinipeleka bwenini akanionyesha dirisha lililovunjika kioo tangu muhula uliotangulia. Swali lake halikuwa la fizikia. Kioo kipya, blanketi la pili na soksi za sufu hulinda joto ambalo mwili wenyewe tayari unalizalisha, bila kuwasha hata kiberiti. Hayo ni matumizi ambayo wakuu wa shule hawana budi kuyatanguliza.

Vyungu tumevibakiza katika maabara, kando ya kipimajoto, vifundishe. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mtoto asiye na mbacha, ataacha upi?