Huruma na Hesabu Gahanga

Barabara itokayo Kicukiro, jijini Kigali, kwenda Bugesera hupita Gahanga kabla ya kuteremka katika bonde la mto Nyabarongo, na msafiri aipitaye leo huona uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017, mashamba yanayozidi kupungua, na nyumba mpya zikijengwa mahali palipolimwa mihogo na maharagwe. Miongoni mwa majengo ya tarafa hii yamo yaliyowahi kutajwa kuwa yangekuwa makazi ya watu ambao hawakuulizwa kama wangependa kuishi hapa, nao ni wakimbizi waliovuka bahari kwa vidau kutoka Ufaransa hadi Uingereza.

Tarehe 14 Aprili 2022, mawaziri Priti Patel kwa upande wa Uingereza na Vincent Biruta kwa upande wa Rwanda walitia saini mjini Kigali mapatano ya kuwahamishia wakimbizi hao Rwanda, kwa malipo ya kwanza ya pauni milioni 120. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu Boris Johnson alisimama katika jimbo la Kent akaeleza kwamba shabaha ilikuwa kuokoa roho za wanaozamishwa na wafanya magendo ya binadamu. Rwanda nayo ilijibu kwa historia yake, kwamba taifa ambalo wanawe walitawanyika tangu 1959 katika Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika, na ambalo Rais wake alilelewa ukimbizini, haliwezi kumfungia mlango mwenye shida. Siku tatu baadaye, katika Sikukuu ya Pasaka, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alihubiri kwamba mpango huo hauwezi kusimama mbele ya hukumu ya Mungu. Hivyo basi kila upande ulikuwa umekwisha kupanda mimbari kabla mtu yeyote hajafungua daftari la hesabu.

Sisemi kwamba huruma ile ilikuwa ya uongo. Sina kipimo cha nyoyo za watu. Nasema kwamba serikali ya London ilikuwa na wapiga kura waliokasirishwa na vidau, na serikali ya Kigali ilihitaji fedha na jina jema duniani, na hakuna aibu katika hayo mawili, kwa kuwa serikali isiyotazama maslahi ya raia wake imekhini amana. Lakini maslahi yakitajwa waziwazi hupimika kama kitambaa kwa dhiraa, na mwenye kuona yamezidi au yamepungua huweza kusema. Yakifunikwa kwa fadhila, kila aulizaye huwa ameitukana fadhila yenyewe. Aliyeuliza gharama aliambiwa hana moyo, na aliyeuliza uwezo wa Rwanda aliambiwa anaidharau Afrika.

Ndiyo maana nayathamini maneno ya chama cha Democratic Green cha Rwanda, chake Frank Habineza, ambacho mwezi uleule wa Aprili kilisema kwamba nchi tajiri hazipaswi kuhamisha wajibu wao kwa sababu tu zina fedha, na kwamba ardhi ya Rwanda imekwisha kujaa. Hesabu ya watu ya 2022 ilipata zaidi ya milioni 13 katika kilomita za mraba 26,338, na asiyeijua bei ya kiwanja ukingoni mwa Kigali ndiye anayeweza kuidhani hoja hiyo kuwa ni choyo. Kusema hivyo Rwanda si jambo jepesi. Nchi hii iliona mwaka 1994 jinsi redio ya RTLM ilivyogeuza neno kuwa panga, na sheria zake dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari hazikuzuka bure. Walakini sheria yenye maana pana humfanya hata mtu atakaye kuuliza fidia ya shamba lake apime mara mbili kabla ya kufungua kinywa. Palipo na hofu ya namna hiyo, haki ya kwanza ya kulindwa ni haki ya mnyonge kutaja faida na hasara yake bila kushtakiwa ubaya wa nia.

Hata hivyo maslahi peke yake hayatoshi, maana mkimbizi hakuwa na kiti penye mapatano wala kura London au Kigali. Ng'ambo ya Nyabarongo, huko Gashora, Rwanda imewapokea tangu 2019 watu waliotolewa Libya, kwa ushirikiano na Umoja wa Afrika na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Shirika hilo liliunga mkono Gashora likaupinga mpango wa Uingereza, na wapo waliolishutumu kwa unafiki. Hasha! Wa Gashora walikuja kwa hiari yao, na hiari ndiyo iliyokosekana katika mkataba ule wa pili.

Katika mzozo wote huo, kauli ninayoiheshimu kuliko zote ni ya majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, waliokubaliana kwa sauti moja tarehe 15 Novemba 2023. Hawakuhoji nani mwenye huruma. Waliuliza kama mtu atakayepelekwa Rwanda yumo katika hatari ya kurudishwa alikokimbia, wakatazama namna maombi ya hifadhi ya Waafghani, Wasiria na Wayemeni yalivyokataliwa Rwanda, na yaliyotokea katika mapatano yake ya awali na Israeli. Kisha wakahukumu kwamba hatari ipo, bila kuitilia shaka nia njema ya Rwanda. Bunge la Uingereza likajibu Aprili 2024 kwa kutunga sheria iitangazayo Rwanda kuwa salama, kana kwamba ushahidi hufutwa kwa kura.

Julai 2024 Waziri Mkuu mpya wa Uingereza, Keir Starmer, aliuvunja mpango. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Yvette Cooper, alilieleza Bunge kwamba pauni milioni 700 zimetumika, na waliokwenda Rwanda ni wanne, kwa hiari yao. Rwanda ilikuwa imelipwa milioni 290. Rais Kagame alikuwa amesema Januari huko Davos kwamba fedha zaweza kurudishwa wasipokuja watu. Serikali yake baadaye ikasema mkataba hauna sharti hilo. Machi 2025, Uingereza ilipokwisha kuzuia sehemu ya misaada kwa sababu ya vita vya mashariki ya Kongo, msemaji wa serikali, Yolande Makolo, alitangaza kwamba Rwanda itadai pauni milioni 50 ambazo iliombwa na Uingereza iziache kimyakimya. Mjadala ulikuwa sasa juu ya fedha, kifungu cha mkataba na ahadi iliyovunjwa baina ya serikali mbili, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mlipa kodi wa Kicukiro na yule wa Kent waliweza kuufuata neno kwa neno.