Kikundi cha Waandishi Kijijini: Anzeni kwa Kusomeana

Fungua sanduku lako la nguo. Chini kabisa, pamoja na cheti cha ubatizo na stakabadhi za pamba, huenda limo daftari. Humo umeandika hadithi uliyosimuliwa na bibi yako, au habari za ukoo wenu, jinsi walivyohamia Ntuzu na ng'ombe wao. Hujamwonyesha mtu. Waona haya, maana watu watasema, "Huyu naye ni nani hata aandike?" Leo nataka kusema nawe juu ya daftari hilo, na juu ya jirani yako, ambaye pengine naye analo lake na analificha vivyo hivyo.

Kwanza sikiliza habari za mtu wa kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya ghuba kutoka kwetu. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akawa Mkatoliki, akasoma katika seminari ya Rubya. Aliona mila za Wakerewe zinasahauliwa, akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliotamani mtoto. Ndani yake alitia kila kitu: kilimo, uvuvi, dawa za miti, heshima za wakwe. Alimaliza mwaka 1945. Basi, nani atachapa kitabu cha lugha ya watu wachache? Mswada ukakaa. Mwisho aliufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Nakala zilipofika, mzee alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 1981.

Yafaa tujiulize ni nini kilichouokoa mswada ule usiliwe na mchwa. Ni wasomaji wachache tu. Padre mmoja mmisionari alimtia moyo tangu mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, mtu na mkewe, wakausoma na kuuthamini. Watu hao walikuwa wageni wapita njia. Kama wasingepita je? Mwandishi aliye na majirani wanne wa kumsikiliza hana haja ya kungoja mgeni.

Tena jambo hili si geni katika Usukuma. Ukishika njia ya Lamadi kwenda Mwanza utapita Kisesa, na hapo karibu ndipo Bujora, ambako Padre David Clement alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vyombo na mila za Wasukuma. Baadaye ilikuwapo Bujora Kamati ya Utafiti wa Utamaduni, watu waliokaa pamoja kukusanya hadithi, methali na desturi, na katika miaka ya 1980 wakatoa kitabu Imani za Jadi za Kisukuma kwa jina la kamati. Katika jimbo letu la Shinyanga, Padre Donald Sybertz wa Maryknoll alikusanya methali pamoja na wenyeji, na mwaka 1984 yeye na Padre Joseph Healey walitoa kijitabu Kueneza Injili kwa Methali. Kazi hizo zilitoka kwa watu wengi walioketi, mmoja akisema, mwingine akisahihisha, wa tatu akiandika.

Sasa niungame. Kikundi chetu cha kwanza nilikiua mimi. Nilisoma chuo cha ualimu kabla ya kuwa karani wa parokia, na mkono wangu ulikuwa umezoea kalamu nyekundu. Katika mkutano wa pili mama mmoja, mkulima wa pamba, alileta kurasa mbili juu ya mwaka wa njaa alipokuwa msichana, jinsi baba yake alivyompeleka ng'ombe wa mwisho mnadani. Ninyi wenzangu Wasukuma mwajua jinsi herufi za L na R zinavyotutesa. Aliandika "kurima", aliandika "kurara". Nilihesabu makosa 31, nikayasoma mbele ya watu. Alikunja karatasi, akaifunga katika pindo la kanga, asirudi tena. Nilipokwenda kwake kumwomba radhi alinikaribisha vizuri, akanipa uji, akaniambia kwamba karatasi ile aliwashia moto siku ile ile. Na kwa baba yake yeye ndiye mtoto aliyebaki.

Kwa hiyo nikikuambia jinsi ya kuanza, ujue kwamba nimelipa ada.

Tafuta watu wanne au watano, wasizidi wanane. Usitafute wasomi. Kwetu wamo fundi cherehani, katekista mzee, mwalimu mmoja, na kijana ambaye hakumaliza shule lakini anajua nyimbo nyingi kuliko sisi sote. Asiyeweza kuandika aje pia, asimulie, mwingine amwandikie. Msianze na katiba, wala mwenyekiti, wala mweka hazina. Nimeona vikundi vilivyogombana juu ya ada ya uanachama kabla ukurasa mmoja haujasomwa. Daftari na kalamu kila mtu ajinunulie. Pasipo fedha hapana la kugombania.

Mkikutana, kila mwandishi asome kazi yake mwenyewe kwa sauti, polepole. Wengine wasiishike karatasi. Hili ndilo jambo nililojifunza kwa machozi ya mwingine: sikio halioni L wala R, husikia habari. Akimaliza, kila mmoja amwambie jambo moja alilolikumbuka, na swali moja linalomsumbua. "Huyo ng'ombe alikuwa na rangi gani?" "Mama yako alisema nini siku ile?" Mwandishi hujibu, na mara nyingi jibu lake huwa bora kuliko alichoandika, basi aliandike hilo. Tahajia isahihishwe mwishoni, watu wawili wakiwa peke yao, na kwa kalamu ya rangi ile ile aliyoandikia.

Kiswahili au Kisukuma? Wengine watakuambia uandike Kiswahili tu ili usomwe na wengi. Mimi nasema andika kwanza kwa lugha uliyosikia jambo lenyewe, kama alivyofanya Kitereza. Kufasiri huja baadaye, na kikundi kitakusaidia, maana neno moja la Kisukuma laweza kutushinda jioni nzima.

Msiandike ya kumwaibisha jirani. Ugomvi wa mipaka na siri za nyumba za watu zitaleta kesi baraza la kijiji, na kikundi kitavunjika. Mzee akikupa habari, msomee ulichoandika kabla hujakipeleka popote.

Vijana watachoka kusikiliza habari za koo. Wape ngonjera. Mathias Mnyampala wa Dodoma, hakimu na Mkatoliki, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyezieneza kupitia chama cha washairi cha UKUTA: wawili wanajibizana kwa mashairi, mmoja hajui, mwenzake anamfundisha, hata wakapatana. Kushindana twakujua tangu mababu, Bagika na Bagalu wakichuana uwanjani kila msimu. Kijana mmoja aandike upande wake, mwenzake amjibu, nao waziseme siku ya somo wa parokia. Kwetu walisema juu ya kuuza pamba yote na kubaki bila mtama nyumbani, na wazazi kadhaa walitazama chini.

Kalenda nayo mwifuate ya shamba. Desemba na Januari, watu wakiwa katika kupanda na kupalilia, msitegemee kuonana zaidi ya mara moja. Pamba ikianza kuvunwa mwezi wa Mei ni hivyo hivyo. Lakini baada ya mauzo, Agosti hata Oktoba, watu wana nafasi, na jioni ni ndefu. Kikundi kikilala miezi miwili hakijafa. Mwiteni kila mtu kwa jina.

Nakala ziwe mbili, katika nyumba mbili. Mwenye simu apige picha kila ukurasa. Nyumba za nyasi huungua, na mchwa hawachagui.

Yule mama alirudi. Kilichomrudisha ni fundi cherehani, aliyemwendea mara tatu. Hajaandika tena kurasa zile mbili, nami sithubutu kumwomba. Anaandika habari za kisima cha zamani na ng'ombe mweusi aliyepotea hapo usiku. Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, alitusomea sehemu ya kwanza katika darasa la wakatekumeni. Alisema "kurima" mara nne. Alipofunga daftari, katekista mzee akauliza, "Na ng'ombe je, alipatikana?"

"Mtasikia mwezi ujao," akajibu, akalifunga daftari katika kanga.