Kutoka uwanjani wahitaji hesabu

MSAFIRI kutoka Nairobi anayengojea ndege ya pili mjini Addis Ababa kwa saa sita hushawishika kwenda kutazama jiji. Uwanja wa Bole u karibu na mji, na Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia.

Hata hivyo, saa sita za tikiti si saa sita za matembezi. Foleni ya uhamiaji yaweza kumeza saa nzima, naye abiria hutakiwa kurejea saa mbili au tatu kabla ya ndege kuruka. Zinazosalia ni mbili au tatu tu, pamoja na za barabarani.

Dubai hali ni tofauti: viza ya saa 48 huombwa kabla ya safari.

Anayeachwa na ndege kwa uzembe wake huenda akagharamia tikiti nyingine. Muda usipotosha, heri kungoja uwanjani.