Kapasita Husingiziwa Mengi

Wufa ikivuma kabla hata muziki haujawekwa, mafundi wengi wa Soweto West, Kibera, huwa wameshatoa hukumu: kapasita imekufa, kalete nyingine barabara ya Luthuli. Mara nyingi hukumu hiyo ni ya haki. Ndani ya kile kikopo mna utepe wa alumini wenye ganda jembamba mno la oksidi, umeviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa majimaji ya kemikali, na joto ndilo huyakausha majimaji hayo. Kapasita ya nyuzi 105 huenda ikaahidiwa saa 2,000 katika joto hilo; kwa kanuni ya kukadiria, kila joto likipungua nyuzi 10 umri huongezeka maradufu, kwa hiyo kwenye nyuzi 55 ingefika saa 64,000. Ibanze karibu na hitsinki, ndani ya kisanduku cha mbao, chini ya paa la mabati, uone kama itazifikia.

Hata hivyo, mvumo una habari zaidi ya hiyo, na solda haiwezi kuzisoma. Punguza sauti hadi mwisho: mvumo ukitoweka, chanzo kiko kabla ya kitufe cha sauti, labda kwenye jeki au waya uliopoteza grandi; ukibaki, tafuta kwenye pawa. Halafu uliza unavuma saa ngapi. Hili la saa hupuuzwa, na mtaani ambako nyumba nyingi hushiriki waya mmoja wa sambaza ndilo lenye uzito kuliko yote. Chukua transfoma ya volti 12. Stima ikiwa 240, kilele chake baada ya dayodi nne ni kama volti 15.5, na reguleta ya 7812, inayohitaji takriban 14 ili itoe 12 safi, haina shida. Saa mbili usiku, kila mtu amewasha koili na pasi, tuseme stima imeshuka hadi 190. Kilele sasa ni volti 12 tu. Reguleta inalegea, mawimbi 100 kwa sekunde yanapenya hadi kwenye spika, na kapasita nzima kabisa inang'olewa kwa kosa la waya wa mtaa.

Watasema kapasita ni shilingi chache na muda ni pesa, basi kupima kwa nini? Kwa sababu wufa itavuma tena kesho usiku, mteja atarudi na maneno, na hiyo "mpya" huenda ilichomolewa kwenye bodi kuukuu ikiwa imeshakauka nusu. Kupima kwenyewe hakuchukui muda. Weka multimita kwenye DC, vijiti kwenye miguu miwili ya kapasita, kisha kwenye AC: mawimbi ya volti kadhaa badala ya sehemu ya volti yanaonyesha imechoka. Angalizo moja: multimita nyingi za bei nafuu hazizuii DC zikiwa kwenye AC, hivyo husoma zaidi ya mara mbili ya DC yenyewe, na ukigeuza vijiti husoma sifuri. Kapasita ndogo ya filamu ikiunganishwa mfululizo na kijiti huondoa uongo huo. Anayefunza vijana kubadilisha vipuri bila kuwafunza kupima anawafunza uchuuzi, na bodi zinazoharibika kwa kung'olewa ovyo huishia mitaroni.

Wapo pia wanaosema ujuzi huu umepitwa na wakati, kwamba analogi ilizimwa pamoja na televisheni za zamani mwaka 2015. Kilichozimwa ni urushaji tu. Dekoda iliyoletwa wakati ule ina pawa ya analogi, na kapasita yake ya upande wa stima hufikia volti 340 ambazo zinaweza kubaki hata plagi ikishatolewa, kwa hiyo itoe chaji kwa rizista kabla ya kuigusa. Na kapasita za aina hiihii zimo kwenye chaja za simu, balbu za LED, televisheni, inveta za sola, ruta, mashine za kuchomelea...